Mlango wa Watumishi

Nilimwachia mwanangu mkono mara moja tu, nipige picha dari. Shemeji yangu anajenga Moshi na anataka ukumbi kama wa mabwana wa Kiingereza wa zamani. Akanituma mimi, kwa kuwa niko Guangzhou nanunua nguo na, kwa akili yake, nina muda.

Duka la milango lilijengwa kama jumba lenyewe. Mabomba ya moshi juu ya paa, chini hakuna moto. Madirisha ya vioo vidogo vidogo vilivyoungwa kwa madini ya risasi. Kuta zote mbao nyeusi mpaka juu ya kichwa. Na ngazi pana ya kuchonga, inapanda kwa mbwembwe halafu inakatikia hewani, maana ni ya kuonyesha wateja tu.

Nilipogeuka, binti yangu wa miaka minne hakuwepo.

Nilikimbilia ngazi. Nikapanda mpaka ilipokatikia, nikachungulia vigae chini. Hakuna kitu. Nikashuka mbio. Nikaita, sauti yangu ikamezwa na msumeno wa mafundi wa uani.

"Laobani, mwanangu yuko wapi?" Ndivyo tunavyowaita wenye maduka huku.

"Dada, tulia. Mimi nimekaa mlangoni. Hajatoka."

"Kama hajatoka ameingia wapi? Hizi ni kuta."

Akacheka, mjinga yule. "Si zote kuta. Uingereza zamani watumishi wanapita ndani ya mbao, wageni wasiwaone. Mimi nimeiga kila kitu."

"Basi fungua."

Akabonyeza ubao mmoja. Akabonyeza wa pili. "Hapa... hapana, mafundi wamehamisha." Kicheko kikamwisha, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Nikaweka sikio ukutani, nikasogea ubao kwa ubao. Msumeno ulipotulia nikasikia vidole vinagonga.

"Hodi."

Vidole vikagonga tena.

"Hodi."

Mimi ndiye niliyemfundisha. Mlango wa watu ukifungwa huusukumi. Unabisha, unasubiri ukaribishwe. Huu aliukuta umeachama akaingia, ukajifunga nyuma yake. Haukuwa na kitasa wala komeo, angeusukuma ungefunguka. Yeye kasimama gizani na adabu zake.

"Karibu," nikasema. "Karibu, mama."

Ubao ukafunguka. Uso umejaa vumbi la mbao.

"Mbona huitikii?" akaniuliza.

Nilimfunga mgongoni kwa kanga, mkubwa vile, miguu inaning'inia. Laobani akaleta karatasi ya oda aliyotumiwa na shemeji, na pale katikati ameuomba mlango huohuo wa watumishi, ili msichana wa kazi asipite na vyombo mbele ya wageni. Nikaukata kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Shemeji alipopiga simu kuulizia, nilimwambia kwamba msichana wake wa kazi atapita wanapopita watu. Kama yeye hataki, apande ndege aje anunue mwenyewe.