Kivuko nilichokipeleka Appalachia

Nawaombeni, ndugu wa kundi hili la barua pepe, haya yasitoke nje hata neno moja.

Bosi aliniagiza niandikie tovuti yetu ya utalii historia na vivutio vya mji mdogo wa mtoni, milima ya Appalachia, Marekani. Habari hazikutosha, nikaazima kivuko cha kwetu Rufiji, nikakiandika kama cha kwao: kinavutwa kwa kamba, mvushaji anapiga kengele.

Leo ofisini kwetu huku ugenini, mtaa wa Morningside, akaja bibi aliyezaliwa mji uleule. Akasoma.

Nikajua kazi sina tena.

Bibi akalia. "Mwanangu, kengele ile! Nani alikuambia?"

Jamani, nilidanganya au nilisema kweli? Sielewi.

Bosi amefurahi mno. Kesho anataka picha ya kivuko.

Nikiri, au?

Msipige ofisini, na barua pepe sitaweza kuifungua tena leo. Acheni ujumbe saluni kwa Mama Béa, kitongoji cha Isipingo, ninakolala. Semeni ni habari za nyumbani.