Nilisema Mama Hajambo

Mama yangu alifariki Mlali. Tulimzika Jumamosi, na Jumatano iliyofuata nilikuwa mezani kwangu ofisini Dodoma, najaza fomu. Wenzangu walinipa pole, nikaitikia. Usingizi nilikuwa napata vizuri tu. Hilo lilinishangaza, ingawa hata mshangao wenyewe haukuwa mkubwa.

Wiki ya tano nikapangiwa safari ya Kondoa kukagua visima vya vijiji. Tulikuwa tunafika, tunafungua bomba, tunapima maji yanayotoka, naandika. Siku ya tatu tulimaliza mapema. Nikamwambia dereva nina rafiki kijiji cha juu mlimani, mwalimu wa shule ya msingi, niliyekaa naye chumba kimoja miaka yote ya chuo. Dereva akaitazama barabara ilivyochimbwa na mvua, akasema gari halipandi.

"Chukua bodaboda. Ila saa kumi uwe hapa."

Pikipiki nayo iligoma katikati ya mlima, nikamalizia kwa miguu. Rafiki yangu nilimkuta uani na mama yake, wanapiga mbaazi kwa fimbo juu ya turubai. Aliponiona alitupa fimbo akanikumbatia, makapi yakaniingia shingoni.

"Ndiyo nini kuja kimyakimya? Hata kupiga simu!"

"Niko kazini. Nimeiba saa mbili."

Nikamgeukia mama yake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Za Dodoma? Mama hajambo?"

"Hajambo," nikasema.

Sikupanga kusema hivyo. Lilitoka kama linavyotoka siku zote, na likishatoka sikuona namna ya kulirudisha. Nikaletewa kigoda, nikapewa ungo wa kupeta, tukaendelea na kazi. Rafiki yangu akanisimulia habari za shule yao, darasa moja watoto themanini. Nilicheka pale palipohitaji kucheka.

Yule mama alikuwa na sababu ya kuuliza. Likizo ya mwaka wetu wa pili, rafiki yangu alikuja kwetu Mlali akashikwa na malaria kali. Mama yangu alimuuguza wiki mbili, akimnywesha uji kwa kijiko na kumwogesha. Mama hawa wawili hawakuwahi kuonana. Waliongea kwenye simu tu, huyu akilia, wangu akimwambia asihangaike kupanda basi, mtoto yuko kwao.

Nilipoaga, yule mama akaingia ndani akatoka na mfuko wa mbaazi, ameufunga kwa kamba ya katani.

"Hizi za mama yako. Mwambie nimezipiga kwa mkono wangu. Na mwambie mwaka huu, Mungu akipenda, naja kumsalimia. Kila mwaka nasema naja, siendi."

Niliupokea kwa mikono miwili. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani.

"Mama," nikasema, "mama alifariki."

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Wiki ya tano sasa."

"Inna lillahi." Akakaa palepale kwenye turubai, juu ya mbaazi, akajifunika uso kwa mtandio.

Rafiki yangu alinikazia macho. "Wiki tano? Na hukuniambia?"

"Zaidi ya ofisini, sikumwambia mtu."

"Kwa hiyo mimi nami ni mtu tu?"

Akaanza kulia kwa sauti, ameegemea ukuta, na mimi ndiye niliyemshika bega na kumwambia nyamaza. Jirani mmoja akachungulia, akaelezwa, akaja kunipa mkono wa pole. Mama akaniuliza mama yangu aliumwa nini. Nikasema presha, alikuwa anafagia asubuhi, akasema kichwa, akaanguka, hatukufika naye hospitali. Nilisema kwa sauti ileile ninayosomea vipimo vya maji. Wao walilia. Mimi nilikuwa natazama kuku wanavyodonoa mbaazi, nikawaza kwamba inabidi mtu awafukuze.

Rafiki yangu alinisindikiza hadi chini kwenye gari. Njia nzima mkono wangu hakuuachia. Dereva alikuwa ameshawasha injini.

"Nitakuja," akasema. "Unipeleke kwake."

Alikuja shule zilipofungwa, na mama yake. Tukaenda Mlali watu watatu. Kaburini waliinua viganja wakaomba dua, kisha yule mama akachuchumaa akang'oa majani yaliyoanza kuota, taratibu, akizungumza na mama yangu kwa Kirangi, lugha ambayo mama yangu hakuijua. Alizungumza muda mrefu. Nilisimama nyuma yao nimeshika mikoba. Sikulia hata siku hiyo. Tuliporudi nyumbani dada yangu akatenga ugali na mlenda, na nikagundua nina njaa, njaa hasa, ya kwanza tangu msiba. Nikala, nikaomba niongezewe.