Tapu ya Lori la Bati

Nikifungua sanduku langu la tapu na dai, vyuma vya kukatia meno ya skrubu, harufu ya oili hunirudisha Nakonde, upande wa Zambia, nilipokuwa mtoto. Sasa nina seti kamili za milimita, na stashahada niliyoisomea mbali kwa jasho langu mwenyewe.

Siku moja tulivuka mpaka, na mama mkubwa, aliyeuza vyuma huko, aliniruhusu kuchagua tapu moja tu, nikate meno ya skrubu ndani ya matundu ya ncha za ekseli ya lori langu la kuchezea la bati, magurudumu yaache kuchomoka. Geti la mpaka lilikaribia kufungwa. Kaka alishanishika mkono.

“Chukua hiyo kubwa, we mtoto wa kike. Utatulaza Zambia.”

“Kubwa itapasua ekseli.”

Nilitoa mfukoni skrubu ya redio mbovu, ambayo ingeshika gurudumu, nikawa nailaza ubavuni mwa kila tapu na kuziinua pamoja juani. Mwanga ulipita katikati ya meno, tapu baada ya tapu. Kaka akazidi kunivuta. Hatimaye moja nyembamba kama njiti ya kiberiti iliumana na skrubu, mwanga usipite.

Nyumbani nilikata meno, nikakaza skrubu, na Jumapili lori langu lilipita kando ya foleni nzima ya malori ya mizigo, magurudumu yametulia. Kaka akaomba alivute kidogo. Nilimnyima.

Sasa lipo juu ya kabati la karakana yangu, na hakuna anayeliomba.