Theluji ya Matanga

Juzi asubuhi nilikuwa jikoni kwangu hapa Rågsved, huku kwa Waswidi, nikikaanga maandazi, nikasikia mashine ya kurusha theluji ikiwashwa chini ya dirisha. Kijana aliivuta kamba mara ya kwanza, ikakohoa. Ya pili, ikakohoa. Ya tatu ikanguruma. Nikazima jiko, nikakaa kitini, nikalia mpaka binti yangu akaja kuniuliza kwa Kiswidi kama nimeungua. Nikamwambia ndiyo, mafuta yameniruka. Uongo mtupu. Wewe nitakwambia ukweli, rafiki yangu, maana nimeubeba peke yangu tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja, na nimechoka.

Tulikuwa tunaishi nyuma ya kitongoji cha Farsta. Si kwenye maghorofa, la, bali kwenye kinyumba cha mbao cha kupanga, mwisho wa njia nyembamba iliyoteremka katikati ya misonobari. Nyumba saba tu, na ya tano na ya sita zilikaliwa kiangazi peke yake. Njia ile haikuwa ya manispaa, ilikuwa ya wenye nyumba wenyewe, na aliyeisafisha ni jirani yetu wa juu, mzee wa Kiswidi aliyekwisha kustaafu. Alikuwa na trekta la kijivu lenye koleo pana mbele, kwa ajili ya njia, na mashine ndogo ya kusukuma kwa mikono, kwa ajili ya viingilio vya watu. Theluji ikianguka, hata uji hatujanywa, tunasikia minyororo ya magurudumu ikisaga barafu. Jamani, nilivyoupenda mlio ule! Mashine ndogo iliimeza theluji kwa chini na kuitema juu kwa bomba, na harufu ya petroli ikaingia hadi sebuleni. Mzee alimfundisha baba kuitumia: upepo uwe mgongoni, usielekeze bomba kwenye madirisha ya mtu, na theluji mbichi ikiziba, zima injini kwanza, zibua kwa fimbo, kidole kamwe. Baba akirudi ndani na nyusi nyeupe, bibi humcheka: "Ehe, leo umenizidi uzee, mwanangu."

Huyo bibi ni mama yake baba. Alitufuata kutoka kambi ya wakimbizi Kigoma, lakini desturi zake zote alizitoa kwao Uvira, ng'ambo ya ziwa. Kwao uwanja hufagiliwa kila kunapokucha, na theluji aliihesabu kuwa taka kama taka nyingine, ila hii imetoka juu. Kila asubuhi alitoka na ufagio na makoti mawili, akafagia ngazi huku akigombana na mawingu. Ni wakati wa msiba tu ndipo ufagio ulipolala. Mtu akifa, uwanja haufagiliwi siku tatu, kwa kuwa kufagia ni kumfukuza marehemu kabla hajaagwa. Kwa hilo bibi hakuwa na mzaha.

Sasa sikiliza. Majira yale ya theluji nyingi, mama alikuwa na mimba ya miezi minane. Baada yangu zilikwisha kutoka mimba mbili. Hii ya tatu ilikuwa imeshikilia, mtoto wa kiume, na nyumba nzima tulitembea kwa vidole kama tunaogopa kumwamsha. Mkunga alimwambia mama neno moja tukalikariri wote: ukiona damu, usingoje hata kidogo, piga simu.

Siku ya Jumatano simu ikaja kutoka Uvira. Baba mkubwa, kaka yake baba, amefariki. Kufika mchana nyumba imejaa. Akina mama wa Tensta walivuka jiji zima kwa treni na masufuria yao mapajani, viti vikatolewa, magodoro yakatandikwa chini, chai ya tangawizi ikachemka bila kukoma. Na saa ileile theluji ikaanza, kama mikate mizimamizima, hakuna hata upepo.

Alhamisi asubuhi tukasikia trekta. Bibi akaniita mlangoni. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa nyumba, kwa daktari, kwa shule, kwa kila barua. Akaniambia, na maneno yake nayakumbuka moja moja: "Mwambie mzee tumefiwa. Uwanja wetu, toka ngazi mpaka lango, asiuguse siku tatu. Lakini njia aisafishe, njia ni ya watu wote na wageni wangu wanapita. Halafu mwambie aje anywe chai."

Nikatoka. Mzee alikuwa amezima injini, ameinua kofia sikio moja, anasikiliza. Ndani akina mama walikuwa wanalia kwa sauti, kile kilio cha kwetu, cha kujitupa. Na kwenye dirisha la nyumba ya nne alisimama msichana wa darasa langu, ananitazama. Aibu ikanipanda mpaka kwenye nywele. Nitamweleza nini mzungu huyu, kwamba hatufagii ili maiti ya Uvira isikimbie? Akaniuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna, ni wageni tu, ila bibi hataki mashine huku chini. Akauliza, hata kwenye njia? Nikasema ndiyo, hata kwenye njia. Nilitaka aondoke tu!

Akamtazama bibi pale ngazini. Bibi, maskini, alikuwa anamkaribisha chai kwa mkono, kiganja kikielekea chini, kama tunavyomwita mtu sisi. Kwa Waswidi hivyo ndivyo anavyofukuzwa mbwa. Mzee akavaa kofia yake vizuri, akapanda trekta, akageuza. Tangu hapo aliishia nyumba ya nne.

Bibi aliposikia trekta linaishia juu, unajua alisemaje? "Huyu mzee ana utu. Ametuheshimu hata njia ameiacha." Wageni wakaja kwa mstari mmoja, wakikanyaga nyayo za waliotangulia. Baba mara moja alisema atakwenda kuongea naye, halafu simu ya Uvira ikalia tena, akasahau. Kila chembe iliyoanguka niliiona, nikanyamaza.

Jumamosi, siku ya tatu, theluji ilinifika kiunoni. Adhuhuri mchungaji na wanaume walikuwa wanajiandaa kwa sala ya kufunga matanga. Mama akasimama kutoka kwenye godoro, akasema "Jamani," taratibu tu, kama mtu aliyemwaga maji. Shuka lilikuwa jekundu.

Ambulensi ilikuja upesi. Ikafika nyumba ya nne, ikajaribu kushuka, ikazama. Tuliiona taa yake ikizunguka kule juu, karibu kabisa, ungeweza kupiga kelele wakasikia. Wahudumu wawili wakaja na machela, kila hatua wanang'oa mguu kwa mikono. Wanaume wa msibani wakatoka na walichokishika: vifuniko vya masufuria, sinia, koleo moja la baba. Bibi akarukia theluji kwa mikono mitupu, kitenge kimemdondoka, anapiga yowe: "Fagieni! Fagieni jamani, Mungu atatusamehe!" Mchungaji mwenyewe anachimba na sinia la maandazi. Wanachimba, wanazama, wanachimba. Mama yuko ndani anaita jina la mama yake. Mimi nimesimama ukutani.

Mzee jirani akatoka kwake kichwa wazi. Akawasha trekta, akashusha koleo, akaja moja kwa moja mpaka ngazini petu. Theluji ya siku tatu aliiondoa kabla chai iliyokuwa vikombeni haijapoa. Haki ya Mungu sijawahi kuona kazi rahisi kama ile. Ambulensi ikateremka nyuma yake. Lakini tangu mama asimame pale kwenye godoro, ilikuwa imepita zaidi ya nusu saa.

Mama alipona. Mdogo wangu hakulia.

Akina mama wa Tensta hawakurudi kwao, walibaki kulia msiba wa pili. Jumatatu, baba akiwa hospitali na mama, mzee akaja kutoa pole, amekwisha kusikia habari za misiba yote miwili. Akakaa kwenye godoro, magoti juu, kikombe cha chai mkononi. Akaniomba nimwambie bibi kwamba angejua kuna msiba, njia ile isingeziba hata saa moja. Macho yake mekundu. Bibi akanigeukia: "Anasemaje?"

Nikasema, "Anasema pole."

Bibi akajibu, "Mwambie kosa ni langu. Mimi ndiye niliyekataza."

Nikamwambia mzee, bibi anashukuru.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Tulihama pale kabla ya kiangazi. Nyumba imebomolewa, mzee alikwisha kufa, trekta sijui limeozea wapi. Siku hizi matanga yetu hufanyika kwenye ukumbi wa kukodi, mchana mmoja, saa kumi na moja mnakabidhi funguo, na theluji ya nje inaondolewa na watu tusiowajua. Hakuna tena anayemkataza mtu kufagia. Bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha. Msiba wowote uliotupata baada ya pale, hata maiti hajazikwa, alikuwa keshaamka anafagia, na watu walimsengenya kwamba Ulaya imemharibu. Alisikia, akaendelea kufagia.

Nilikuwa nitamwambia. Mwaka baada ya mwaka nilikuwa nitamwambia. Alipolazwa mara ya mwisho nilikaa naye tukiwa peke yetu, mlango umefungwa, na maneno nimeshayapanga. Akanishika mkono, akaomba tusali kwanza. Akasali kwa sauti ndogo, akamtaja mama, akamtaja baba, halafu akasema: "Na mimi, Bwana, nisamehe yule mtoto niliyemfungia njia."

Nikaitikia, "Amina."