Gari la Tata Mukendi na Tata Kaumba

Mtu akifungua kopo la mastiki, dawa ya kuzibia mabati ya magari, karibu nami, mimi hutoka nje. Harufu ile kali yenye utamu wa uongo, inayokwaruza koo, ndiyo harufu ya utoto wangu, na sijaisamehe. Nyumbani kwetu Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya migodi, iliingia kwenye mapazia, kwenye nguo za shule, mpaka kwenye bukari, ugali wetu wa jioni. Mama alisema waziwazi kwamba angekuwa na pa kwenda angefunga masufuria yake akaondoka. Hakujua kwamba siku si nyingi angeyafunga kweli.

Harufu hiyo ilitoka kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, ambako baba yangu, Tata Mukendi, na rafiki yake Tata Kaumba walikuwa wanafufua gari. Lilikuwa gari dogo la Kiingereza la viti viwili, lenye pua ndefu, lisilo na paa, la tangu kabla ya uhuru. Mhandisi mmoja Mbelgiji alikuwa amelifungia gerejini kwake miaka mingi, injini yake ikiwa imepasuka. Askari walipopora mji na wazungu wakaondoka mbio, mhandisi huyo aliwaita wote wawili, akawakabidhi ufunguo mmoja na kuwaambia gari ni lao pamoja. Baba alikuwa fundi injini katika gereji ya kampuni. Tata Kaumba alikuwa fundi bodi, mtu wa nyundo na mabati, katika gereji hiyohiyo. Baba alikuwa Mluba wa Kasai, mkoa mwingine wa mbali, ingawa alizaliwa palepale Kolwezi, maana babu yake ndiye aliyeletwa kwa treni kuja kuchimba shaba. Tata Kaumba alikuwa Mlunda kutoka upande wa Musumba, mwenyeji wa mkoa wetu. Nilikuwa na miaka tisa, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba tofauti hiyo ingekuja kuwa na maana.

Kampuni ilikuwa inakufa mbele ya macho yetu. Mgodi mkubwa ulikuwa umeporomoka, magunia ya unga tuliyozoea kupewa kila mwezi yalikatika, na gerejini mafundi waliripoti asubuhi, wakakaa juu ya matairi mpaka saa ya kutoka, kwa sababu hapakuwa na kipuri hata kimoja. Nadhani ndiyo maana wale wawili walilishikilia gari lile kwa hasira. Nyumba ilikuwa ya kampuni, kitanda nilicholalia kilikuwa cha kampuni, hata balbu ilikuwa ya kampuni. Gari lilikuwa lao. Hawakutaka kulirudisha jinsi lilivyotoka kiwandani. Walitaka sura ibaki ileile ya zamani, lakini chini ya ngozi liwe gari la leo. Walipata injini ya pikapu ya Kijapani iliyopinduka barabara ya Fungurume. Ilikuwa ndefu mno, boneti halikufunga, basi Tata Kaumba akaweka bati juu ya mfuko wa mchanga na kulipiga nyundo siku tatu mpaka likatoa nundu laini ambayo ungedhani Waingereza wenyewe waliichora. Breki za ngoma waliziondoa, wakafunga za diski. Mama, pamoja na manung'uniko yake yote, alishona viti kwa ngozi ya bandia nyekundu, tena kwa mshono maradufu, na kila mgeni aliyekuja alipelekwa kuviona. Rangi ilikuwa ya njano, ileile ya mitambo ya machimboni, kwa sababu ndiyo pekee iliyopatikana. Tuliwacheka. Baba akasema angalau hatutagongwa na kijiko cha kuchimbia.

Jumapili waliyoliwasha mara ya kwanza, walienda nalo mpaka Mutoshi na kurudi, baba kwenye usukani wakati wa kwenda, Tata Kaumba wakati wa kurudi. Kambi nzima ilisimama nje. Walishuka wamejaa vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, wakashikana mikono kirasmi, watu waliokuwa wakitukanana kila siku kwa sababu ya spana. Sijawahi kumwona baba akiwa na furaha kama ile, na nasema hivi nikijua nimekaa naye miaka mingi baadaye.

Kisha zikaanza hotuba. Wakubwa wa mkoa walisimama kwenye mikutano na kusema kwamba nchi hii ina wenyewe, na kwamba Wakasai wamekula vya kutosha. Vijana wa mtaani, wengine tuliosoma nao katekisimu parokiani, wakatuita bilulu, yaani wadudu. Walipita mlango kwa mlango wakitaja siku ya mwisho ya kila familia. Majirani waliuza makabati, wakashona magunia, wakaenda stesheni kungoja treni ya Kasai. Baba alikuwa kibandani akirekebisha kabureta.

"Batu banafunga bitu yabo," mama alimwambia. "Weye unafungua motokari."

"Hii ni mwezi moya tu. Itapita," baba alijibu, bila kutoa kichwa chini ya boneti.

Ilipofika zamu yetu, Tata Kaumba alikuja asubuhi na mkokoteni kutubebea mizigo, mchana kweupe, mbele ya vijana waliokuwa wameegemea ukuta wa jirani. Hilo lilihitaji ujasiri, na nataka lijulikane. Alimwambia baba: "Motokari nitakuwekea. Siku bitu bitapoa, utakuya kuikamata. Mi sitaiuzisha." Baba akampa ufunguo kwa mikono miwili. Wakakumbatiana. Mama alilia.

Lakini mimi nilikuwa nimeona kilichofanyika nusu saa kabla. Katika gereji ya kampuni ufunguo haukumlinda mtu. Nusu ya funguo zilifungua magari yote, na waya mfupi ulifanya kazi ya ufunguo vizuri tu. Fundi aliyetaka kulikuta gari lake mahali alipoliacha alifungua delko, akachomoa kile kipande kidogo kinachozunguka ndani yake na kugawa moto kwenye plagi, akaondoka nacho mfukoni. Bila hicho injini haiwaki hata ukiibembeleza mpaka kesho. Baba alikuwa amefanya hivyo kila siku ya kazi kwa miaka ishirini. Asubuhi ile alifungua boneti, akakichomoa, akakifunga kwenye leso. Kwa muda mrefu nilijaribu kuamini kwamba ni mikono tu iliyozoea. Lakini kabla ya kukichomoa alitazama nyuma kwanza.

Stesheni tulikaa wiki tano kwenye turubai, pamoja na watu wasiohesabika, tukinywa maji machafu. Watoto walikufa kwa surua, wakazikwa kando ya reli bila misalaba. Mara mbili Tata Kaumba alipenya na unga na samaki wakavu, akatusalimia sote kwa majina. Mara ya pili, alipogeuka kuondoka, mama alimgusa baba begani.

"Mupe kile kitu."

"Akiuzisha motokari?"

"Anatuletea chakula."

"Mi naye tutaongea siku nitarudia," baba akasema, na leso ikabaki mfukoni. Treni ilikuja siku iliyofuata. Tulipanda juu ya mabehewa ya mizigo, na baba hakuiona Kolwezi tena.

Nimerudi mimi, baada ya miaka karibu thelathini, kufundisha shule ya msingi. Mji umejaa malori, vumbi, na watu wanaochimba kobalti mpaka chini ya sebule zao. Juzi mwalimu mwenzangu alinionyesha kwenye simu video ya mzungu aliyenunua gari la zamani kama lile letu, akang'oa injini na kuweka betri. Fundi yule alikuwa na karakana safi kuliko hospitali yetu, na watu maelfu walimsifu kwa ubunifu wake. Kobalti iliyomo kwenye betri zile huenda ilitoka chini ya kambi yetu. Nilimrudishia mwenzangu simu yake. Baba yangu na Tata Kaumba walifanya kazi kama ile kwa nyundo na mfuko wa mchanga, na malipo yao yalikuwa kufanywa maadui.

Tata Kaumba nilimkuta katika nyumba ileile, mzee, mkono wa kulia umepinda kwenye kifundo. Alinipa kiti na chai, akanisimulia bila kupandisha sauti. Siku mbili baada ya treni yetu kuondoka, alisikia vijana wanakuja kuchukua mali ya Wakasai. Akaenda kwenye kibanda chetu, akaingia kwenye gari alipeleke parokiani likafichwe. Akazungusha ufunguo. Injini ikazunguka, haikuwaka. Akafungua boneti, akafungua delko, akaona kipande hakimo. Yeye, mkewe na wanawe walilisukuma mpaka barabarani, na hapo ndipo walipokutwa. Vijana walilimwagia petroli wakalichoma, kisha wakampiga kwa vyuma kwa kosa la kuwalindia bilulu mali. Mkono haukushika nyundo tena, na fundi bodi asiyeshika nyundo si fundi.

Nilimwomba msamaha. Alitazama kikombe chake.

"Bale balivunja mukono balikuwa batoto, tena balilewa," alisema. "Tata yako hakulewa."

 Ninawachukia waliohutubu, maana walikula matunda ya kazi yao na wengine wamekufa wamezikwa kwa heshima. Lakini si wao waliogeuka kutazama nyuma kabla ya kufungua delko, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Wengine walitunyang'anya nyumba na mji. Lakini rafiki yake, baba alimtupa yeye mwenyewe.

Jioni hiyo nilimpigia baba simu. Yuko Mwene-Ditu, huko Kasai, anasikia kwa shida, lakini jina la Kaumba alilisikia mara moja. Nikamwambia gari lilichomwa. Akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea:

"Alijaribu kuiwasha?"

Nikaelewa kwamba swali hilo alikuwa amelibeba miaka yote, na huruma ikanishika mahali pabaya.

"Apana, Tata. Hakujaribu."

Alishusha pumzi. "Nilijua," alisema. "Aliiacha tu ichomeke. Bale batu njo bako vile." Sauti yake ilikuwa imepata nguvu, karibu ya furaha.

Jumapili nilimpelekea Tata Kaumba kilo mbili za sukari. Aliipokea kwa mkono wa kushoto, akaniuliza kama nimeongea na baba na kama amesema neno. Nikamwambia anamsalimu sana. Mzee aliitikia kwa kichwa, akasema nimrudishie salamu, na nimwambie kwamba yeye hana kinyongo naye tena.