Boga la Siku Yangu ya Kahawa

Nilisema sitaliondoa, na sikuliondoa. Lilikaa kwenye ngazi ya mlango wangu tangu Alhamisi alasiri mpaka Jumapili asubuhi, na kila aliyepita kwenda msikitini aliliona. Naandika kwa sababu nimesikia habari hii inavyosimuliwa hapa Ibra, Omani, na inasimuliwa vibaya, hata na wale wanaonitetea.

Nianze na upande wa mwenzangu, nisije nikamdhulumu. Aliyekasirika ni jirani yangu wa ng'ambo ya njia, mwanamke wa umri wa mama yangu, mzaliwa wa Unguja mjini. Sote tunamwita Bi Mkubwa. Mume wangu alipofariki nikakaa eda, yeye alivuka njia kila asubuhi kuja kukaa nami, miezi minne na siku kumi, hata siku alizokuwa na homa. Hilo lazima liandikwe kwanza. Ndipo niandike kwamba Alhamisi ile alituma sauti kwenye kundi letu la simu, lile la wanawake wa kahawa, akasema: "Jamani, kuna nyumba katika hara yetu imeweka sura ya shetani mlangoni. Na kesho Ijumaa! Mie simtaji mtu."

Hakuhitaji kunitaja. Hara nzima, mtaa wetu wote, ilikuwa na boga moja tu lenye macho.

Na Ijumaa hiyo ilikuwa zamu yangu. Sisi wanawake wanane wa njia hii tunanywa kahawa pamoja saa tatu asubuhi, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Zamu haiahirishwi. Na nyumba ikiandaa kahawa watu wasiende, kabla ya adhuhuri kila mtu anajua kwamba mwenye nyumba ametengwa.

Boga lilikuwa la mjukuu wangu. Ana miaka tisa. Mama yake, binti yangu, ni muuguzi huko Sur na kazi yake ni ya zamu, kwa hiyo mtoto anakaa nami tangu shule zilipofunguliwa. Kabla ya hapo walikuwa Uingereza miaka mitatu, mama akisoma. Mtoto akarudi na Kiarabu cha kukwamakwama, na darasani wenzake humwigiza akisoma. Wiki saba alizokaa kwangu, hakuja mtoto hata mmoja kubisha hodi kumwulizia. Kisha siku moja aliwaeleza habari ya Halowini: kwamba kule watoto huchonga uso kwenye boga, wakavaa nguo za kujigeuza, wakapita nyumba kwa nyumba kuomba peremende. Wakamsikiliza. Mara ya kwanza wakamsikiliza.

"Bibi, Ijumaa watakuja sita," aliniambia, ananionyesha vidole. "Sita, wallahi."

Mimi mambo hayo siyajui, na shule yangu iliishia darasa la saba. Nilimpigia binti yangu nikauliza. Niliposikia kwamba zamani ilikuwa na habari za wafu, niliogopa, sitaki kusema sikuogopa. Nikaweka sharti: hapana maiti, hapana mifupa, hapana damu. Wanyama tu. Mtoto akakubali, akasema yeye atakuwa paka. Kama hapo nilikosea, kosa ni langu, asiulizwe mtoto.

Jumatano nilikwenda soko la wanawake nikachagua boga zuri, zito, lenye mikunjo. Nikarudi nalo, mtoto yuko shule. Mikono ikafanya ilichozoea. Nilipotanabahi, boga lilikuwa vipande ndani ya sufuria, na mbegu zimeshatiwa chumvi ziko juani kwenye sinia. Miaka arobaini napika maboga, sijawahi hata siku moja kufikiri boga lina uso.

"Bibi, boga yangu iko wapi?"

Nikamwonyesha sufuria. Hakulia kwa sauti. Alikaa chini na begi lake mgongoni.

"Umemuua," alisema.

Nikacheka, kisha nikajuta kucheka. Nikampigia kaka yangu anayekaa Nizwa, maana alikuwa anakuja kwetu kesho yake.

"Niletee boga."

"Kwenu huko maboga yameisha?"

"La kwanza nimelikata."

"Basi lipike."

"Nitalipika. Nataka la pili, lisilopikwa."

"Dada, uko sawa lakini?"

Alilileta, Mungu ambariki, limefungwa mkanda kwenye kiti cha mbele kama abiria. Mtoto akachora uso kwa kalamu, nami nikakata kwa kisu changu cha samaki. Jicho moja lilitoka kubwa kuliko lingine, na meno yakawa matatu badala ya manne kwa sababu moja lilinivunjikia. Tukaliweka kwenye ngazi. Haikupita saa, sauti ya Bi Mkubwa ikaingia kwenye simu.

Asubuhi ya Ijumaa, kabla sijawasha jiko, nilitoka nikaliinamia. Niliweka mikono yote miwili juu yake. Nusura. Ningeliingiza ndani, ningekunywa kahawa yangu na wenzangu, mambo yangekwisha. Lakini nilimfikiria mtoto akiamka, aone ngazi tupu, ajue bibi yake ameogopa. Shuleni anasukumwa nyuma kila siku, sasa arudishwe nyuma na mimi? Nikasimama wima nikaingia ndani mikono mitupu.

Nilipanga dele la kahawa, tende, halua, na bakuli kubwa la boga la nazi, lile la kwanza, la makosa. Nilitarajia wanawake saba. Walikuja watatu. Wa kwanza ni mcheshi wetu, ambaye alisimama mlangoni akaliangalia boga kwa muda.

"Ndiye huyu? Mimi nilidhani shetani kweli. Huyu anafanana na mume wangu chakula kikichelewa."

Wa pili ni mke wa mwalimu, mtu wa kupima maneno. Wa tatu alikula boga sahani mbili na hakusema lolote, na nilimshukuru kwa hilo kuliko ningemshukuru kwa hotuba.

Nikajitetea, ingawa hakuna aliyeniuliza. "Mbona katikati ya Ramadhani watoto wetu wanazunguka na mifuko, wanaimba, wanapewa peremende na njugu? Qaranqashuh si hii hii?"

"Si hii hii," alisema mke wa mwalimu. "Ile yetu, hii ya watu. Usizifanye moja ili upate kushinda."

Alisema kweli, nami nikazungusha tende. Baadaye nikamjibu, "Haya, si moja. Lakini mtoto aliyekuja nayo ni wetu."

"Huyo sikumkataa," akasema, akasogeza finjani yake nimwongeze.

Walipoondoka nilijaza boga kwenye sahani, nikavuka njia. Ningependa kuandika kwamba nilikwenda kwa upendo. Nilikwenda kwa hasira, na sahani niliishika kama mtu anayepeleka barua ya mahakama.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba." Siku zote huongeza "mwanangu". Siku hiyo hakuongeza.

"Leo hukuja kahawa."

"Mguu unanuma."

"Jana ulikuwa sokoni."

"Jana haukunuma."

Nikampa sahani. Akaitazama bila kuipokea. "La mlangoni hilo?"

"La mlangoni lina uso. Hili nililikata kwa kusahau."

Akainamia, akanusa. "Umelitia hiliki?"

"Kidogo."

Akaipokea. Nyuma yake mjukuu wake wa kike alikuwa amechungulia, jicho moja tu kwenye ufa wa mlango wa ndani. Nilimjua. Anasoma darasa moja na wangu, na alikuwa mmoja wa wale sita.

"Ntakwambia kitu," alisema Bi Mkubwa, "kisha usininunie. Wee ulikuja nchi hii na mume ana kazi. Mie nilikuja kijana, na nguo moja mwilini na moja mkononi. Unajua walitwambia nini watu wa hapa? Kwamba tumekuja na mashetani yetu kutoka Afrika. Mtoto wa jirani akipata homa, wanatazama mlango wangu. Mlango huu! Miaka mingapi nimepita na dele langu nyumba kwa nyumba, nacheka nao, nazika nao, mpaka wakasahau. Leo wee unalitoa nje, lina meno!"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nasema wazi, sikuwa nimelifikiria, na lilinichoma kwa sababu ni kweli. Lakini hasira yangu haikuondoka, ilipata tu pa kwenda.

"Bi Mkubwa, na mimi niliambiwa. Kwa sababu hiyo nikaacha kusema Kiswahili sokoni. Nikaacha kuvaa kanga nje ya nyumba. Binti yangu nikamkataza kusema bibi yake alizaliwa wapi. Nilijificha kila mahali pa kujificha, na hawakusahau kwa sababu hiyo, walisahau walipochoka wenyewe. Huyu mdogo simfundishi kujificha. Mimi nimekwisha, yeye hapana!"

"Unanipigia kelele mlangoni kwangu."

"Kelele nakuomba radhi. Maneno, hapana."

Nikavuka njia kurudi kwangu.

Baada ya sala ya alasiri mtoto alikuwa tayari. Masikio ya paka tuliyatengeneza kwa soksi zangu nyeusi, na masharubu nilimchora kwa wanja. Alikaa kwenye ngazi kando ya boga, mifuko sita ya karatasi mapajani. Mama mmoja alituma ujumbe kwamba mwanawe ana homa. Mwingine alisema wamepata wageni. Huenda ni kweli, watoto huumwa na Ijumaa watu hupata wageni. Wa tatu hakutuma kitu.

"Bibi, saa ya simu yako iko sawa?"

"Iko sawa."

"Haina haraka?"

"Haina haraka, mama."

Akaanza kuihesabu mifuko tena, kana kwamba hesabu ingebadilika. Nami moyoni nilikuwa nikijitukana. Ukaidi wangu ulikuwa umemweka mtoto juu ya ngazi hadharani, na masikio ya soksi, ili hara nzima imwone akiwa peke yake. Kama wasingekuja, nisingekuwa nimemfundisha kutojificha. Ningekuwa nimemwumbua.

Ndipo mlango wa ng'ambo ukafunguka. Mjukuu wa Bi Mkubwa akatoka na sahani yangu, imefunikwa kitambaa, akavuka njia polepole macho yake yakiwa kwenye sahani.

"Bibi anasema sahani yako hii," aliniambia. "Na anasema hajakubali."

Kwetu sahani ya mtu hairudishwi tupu. Lakini Bi Mkubwa angeweza kuweka tende tano za kopo, na haki ya ujirani ingekuwa imetimia. Nilipofunua kitambaa nilikuta vitumbua, vina moto bado. Mchele wa vitumbua lazima urowekwe, usagwe, uumuke. Basi alikuwa ameuroweka mara tu nilipotoka kwake na kelele zangu, akasimama mbele ya chuma cha vitumbua na huo mguu unaomuuma.

Yule msichana hakuondoka. Alisimama anaangalia masharubu ya mwenzake.

"Bibi yako amesema urudi?" nikamwuliza.

"Hajasema."

Nikatazama ng'ambo. Bi Mkubwa alikuwa mlangoni kwake, ametazama upande wa msikiti, kama mtu asiyejua nyuma yake kuna nini. Nikachukua wanja. Sikumaliza shavu la pili, wasichana wengine wawili wakajitokeza kwenye kona. Kumbe walikuwa pale muda wote, wanangoja kuona nani ataanza. Watatu kati ya sita. Ninaandika watatu kwa sababu wengine wanasimulia kwamba hara nzima ilikuja, na haikuja.

Walizunguka nyumba sita. Nne zilifungua, mbili hazikufungua, na mmoja wa wasiofungua namsalimu kila siku na bado namsalimu. Mwisho wakabisha kwa Bi Mkubwa. Nilisikia yote kutoka kwenye ngazi.

"Wee nani?" alimwuliza wangu kwa Kiarabu.

"Mimi paka," akajibu kwa Kiarabu chake.

"Paka gani huyu, mbona maneno yanamchechemea?"

Wale watatu wakamgeukia. Mimi nikainuka nusu. Mtoto alifikiri, kisha akasema, taratibu, akitafuta kila neno: "Paka wa Uingereza. Panya wa huko hawajui Kiarabu, nitafanya mazoezi na nani?"

Bi Mkubwa alicheka. Hakutaka kucheka, nilimwona akijiziba na mtandio, lakini kilimtoka kile kicheko cha Unguja kinachosikika nyumba tatu. Na wasichana wakacheka, na safari hii wangu alikuwa katikati yao. Akawapa tende na peremende, kila mkono akiusomea Bismillah.

Kisha akapaza sauti kwangu: "Magharibi hiyo! Liingize ndani hilo!"

"Halina pa kwenda, Bi Mkubwa!"

"Yarabi, mwanamke huyu!"

Adhana ikaanza, tukaingia kusali, kila mtu kwake. Boga likabaki nje.

Kwenye kundi la simu Bi Mkubwa hakuifuta ile sauti yake, wala mimi sikumwomba. Jumapili asubuhi boga lilikuwa limelegea, jicho kubwa limeshuka mpaka shavuni. Nilivuka njia nikawapa mbuzi anaowafuga Bi Mkubwa, na yeye akasimama akitazama wanavyolitafuna kuanzia kwenye meno.

"Angalau wameanza na meno," alisema.

Nilipogeuka, basi la shule lilikuwa linakuja. Mjukuu wake alikuwa ameshavuka kwenda upande wetu, anangoja bega kwa bega na wangu, na nyuma ya sikio lake kulikuwa na mstari mmoja wa wanja ambao maji hayakuutoa. Bi Mkubwa aliuona kabla yangu. Alifungua kinywa amwite arudi anawe, kisha akakifunga, na basi likawachukua wote wawili.