Namba za Utemini na Namba za Mwankoko

Mume wangu alikuwa na kipimo cha sukari, kidogo, cha kuingia mfukoni, na kipimo kile hakikuwa na adabu hata chembe. Alikibeba kwenye mkoba wake mweusi pamoja na vidonge na mswaki, kutoka nyumba moja kwenda nyingine, maana wake zake tuko wawili. Mimi mkubwa niko Utemini, mjini. Mwenzangu mdogo yuko Mwankoko, na shamba lake la alizeti na kuku wake. Asubuhi mzee anajichoma kidole, anaweka tone la damu, anasubiri, namba inatokea. Akilala Mwankoko anaamka na sita, saba. Akilala kwangu, kumi na tatu, kumi na nne. Sasa hapo kuna siri gani tena? Mashine inatangaza mke yupi anatunza mume na mke yupi anaua.

Naye hakuwa mtu wa maneno mengi. Angeitazama namba, akafuta kidole kwenye shuka langu, akasema, "Juzi nilikuwa na sita." Juzi! Kwani juzi alikuwa wapi? Mimi nasukuma chapati, jasho linanitoka, naambiwa habari za juzi. Siku moja nilimjibu, "Basi rudi kwenye sita yako." Akacheka, akadhani natania.

Chapati ndiyo kazi yangu. Kabla jua halijatoka nina jiko kibarazani, mbele ya nyumba, na watu wa Utemini wanaoenda kazini wanasimama kwangu kunywa chai. Huyu mume mwenyewe nilimpatia hapo hapo. Alikuwa fundi wa kupaua, anakula mbili, anashiba, halafu anaomba ya tatu ili apate sababu ya kuendelea kukaa kwenye benchi. Nyumba yetu ameiezeka yeye, lakini bati limetoka kwenye kikaango changu. Baadaye akapata kazi za Mwankoko, akapata na mke wa Mwankoko. Anayesema uke wenza unazoeleka, huyo hajawahi kuwa mke wa kwanza akabaki nyumbani kusikiliza ngoma ya harusi ya pili.

Ugonjwa ulijulikana kwa sababu ya msumari. Ulimchoma chini ya dole gumba la mguu akiwa kazini, akafunga kitambaa, akaendelea na paa la watu. Kidonda kikakataa kupona. Hospitali wakampima, wakakuta sukari imepanda vibaya. Daktari hakuzunguka: sukari isiposhuka kidonda hakifungi, kisipofunga dole litakatwa, na likishakatwa dole hakuna wa kuahidi kwamba wataishia hapo. Fundi wa kupaua bila mguu anapanda wapi? Ndiyo maana zile namba za asubuhi hazikuwa mchezo. Tulikuwa tunaugombania ule mguu, mimi na yule, kila mmoja jikoni kwake.

Bahati mbaya siku ya somo la chakula kliniki iliangukia zamu ya Mwankoko. Mwenzangu alikaa kwenye benchi akamsikiliza nesi mwanzo mpaka mwisho. Mimi nililetewa muhtasari na mzee, ambaye tangu nimjue hajawahi kuchemsha hata yai. Eti, "Wamesema nipunguze wanga." Nikamuuliza wanga ndiyo nini. Akafikiri, akasema, "Vile vitu vyeupe."

Vitu vyeupe, sawa. Nikatoa sembe, nikatoa mchele, nikatoa sukari. Nikamsongea ugali wa uwele, mweusi, wa kushiba mwanaume, mlima kabisa. Uji wa ulezi nikautia asali ya Itigi, ile yenyewe ya msituni. Nilijipongeza moyoni. Asubuhi kipimo kikaandika kumi na tano.

Wakati huo Mwankoko nako kunatoka maajabu. Mzee alirudi akisifia mkate. "Mkate gani?" "Hauna ngano." "Mkate usio na ngano ni mkate au ni kichekesho?" Mwenzangu, kwa kunikomoa au kwa wema, mpaka leo sijui, akanitumia kipande kwenye hotpoti, kimefungwa na kitambaa cheupe safi. Alikuwa ametwanga karanga zikawa unga, akachanganya na mayai, chumvi kidogo na beking pauda, akaoka kwenye sufuria yenye makaa juu ya mfuniko. Juu alinyunyiza mbegu za alizeti zilizomenywa moja moja. Nani ana muda wa kumenya alizeti moja moja? Mwenye mume wa kumfurahisha, ndiye ana muda.

Nilikionja nikitafuta kasoro. Nilikitafuna taratibu, nikakinusa, nikakibonyeza na kidole. Wallahi kilikuwa laini, kinanukia karanga za kukaangwa, kina joto bado. Nikala chote nimesimama. Mzee alipouliza mkate nimeuonaje nikamwambia nimewapa kuku.

Kesho yake nilijifunga kanga nikaenda mwenyewe kwa nesi. Binti mdogo tu, lakini hana woga. Nilipomweleza uwele na asali alishika mdomo asicheke mbele yangu. "Mama, uwele ni mzuri, ila bado ni wanga, na ugali wa mlima ni wanga wa mlima. Na asali ni sukari, haijalishi imetoka msitu gani." Akanionyesha kwa mkono juu ya meza: nusu ya sahani mboga, robo nyama au mayai au dagaa, na robo iliyobaki ugali kidogo, au uache kabisa kama kuna kingine cha kushibisha. Nilikuwa nimeanza kumpenda mpaka aliposema, "Mke mwenzio aliniuliza haya haya, tena vizuri sana." Khaa! Hata huko amenitangulia.

Basi nikasema potelea mbali, sishindwi na mtu wa juzi. Asubuhi nilikata kabichi nyembamba, nikaitia chumvi, nikaikamua maji yote, nikavunjia mayai mawili, kitunguu na hoho. Kikaango kikishika moto namwaga, nafunika, nageuza. Maji ya chai hayajachemka, chakula kiko mezani, cha moto, duara kama chapati na unakikunja kama chapati. Jioni nilimpikia supu ya kuku wa kienyeji yenye tangawizi, na mlenda wa karanga, na nyanya chungu pembeni. Ugali nilimwekea tonge la kudanganyia macho. Alikula akatokwa na jasho la pua. "Leo umepika," alisema, na mimi nikajifanya sijasikia ili arudie. Akarudia.

Asubuhi yake nilisimama karibu na kitanda wakati anajichoma. Kumi na tatu.

Nilikaa kwenye sakafu nikalia kwa hasira. Nimepika kama nilivyofundishwa, kwa mikono hii, na bado mashine inanitukana! Mzee alisema pole, akaangalia dirishani. Kidonda kilikuwa kimelowesha bandeji tena. Wiki ile daktari alikuwa amelishika lile dole, akalibonyeza, asiseme kitu, na daktari asiyesema kitu anatisha kuliko anayesema.

Nikapanda bodaboda mpaka Mwankoko. Njia nzima nilipanga maneno. Nilikuwa na hakika mwenzangu anampa mzee kitu, dawa ya kienyeji, sijui mizizi gani, ananificha ili kwake aonekane malaika. Nilimkuta uani anapepeta alizeti, mikono imejaa vumbi. Akapiga goti kidogo, "Shikamoo dada." Nikaitikia marahaba kwa shida, nikaanza hapo hapo bila kukaa.

"Unampa nini mume wangu?"

"Mume wetu," alisema, lakini kwa sauti ya chini, bila ujeuri. "Nampa kile nilichokutumia kwenye hotpoti, dada. Sina kingine."

"Mbona na mimi nimepika hivyo hivyo na sukari imepanda?"

Akaweka ungo chini. Akafikiri. Hilo nalo liliniudhi, jinsi alivyofikiri badala ya kugombana. "Basi kwako anakula kitu usichokiona. Hapa kwangu hakuna cha kumtamanisha, nilishatoa unga wote ndani ya nyumba. Wewe unga ndiyo kazi yako."

Nilimwambia mume wangu si mwizi. Nilipanda bodaboda bila kuaga vizuri, na njiani nikaanza kukumbuka mambo. Chapati zangu kwa muda zilikuwa zinapungua. Nilikuwa nalaumu panya, halafu nikajilaumu mimi mwenyewe kwamba uzee unaniingia, sijui tena kuhesabu. Sikulala vizuri kwa kutafakari.

Alfajiri nilikaanga kama kawaida. Fungu la kwanza nikaliacha kibarazani, la pili nikaliingiza ndani kwenye hotpoti kubwa, juu ya stuli. Kwa kawaida nikishatoka sirudi mpaka wateja wa kwanza waishe, na yeye hunisubiri ndipo apime. Safari hii niliwaambia wateja wanisubiri kidogo, nikavua ndala, nikarudi ndani peku.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mguu wenye bandeji ameunyoosha mbele. Chapati ameikunja mara mbili, ameishika kwa mikono yote miwili. Hana chai, hana mboga. Anatafuna amefumba macho. Midomo inang'aa mafuta.

Sikupiga kelele. Nilisema tu, "Baba."

Akafumbua macho. Hakuificha, ingeenda wapi? Akameza kwanza. Halafu akasema maneno ambayo sitayasahau mpaka naingia kaburini: "Mama, kule Mwankoko nakula kama mgonjwa. Hapa nakula kama mume."

Nikafurahi. Nasema kweli tupu, nilifurahi kabla ya kuogopa. Furaha ilinipanda mpaka kichwani. Kumbe yote yale, sita na saba, mkate wa alizeti, nesi kumsifia, kumbe ni kujikaza tu! Kule anajikaza, kwangu anashindwa. Kumi na nne yangu ilikuwa tamu. Nilitaka kwenda Mwankoko kwa miguu nikaseme getini kwa yule, kwa sauti, majirani wasikie.

Kisha nikaangalia chini. Bandeji niliyomfunga usiku mwenyewe ilikuwa na doa jipya, na dole limevimba, jeusi ukingoni. Nikasimama hapo na ushindi wangu. Nje mteja mmoja aliita, mama chapati, umelala?

Nilimnyang'anya kipande kilichobaki. Nikachukua simu nikampigia mke mwenzangu, naye akashtuka, maana huwa hatupigiani. Nikamwambia, "Njoo umchukue. Zamu zangu zote chukua, mpaka kidonda kifunge."

"Unanifukuza?" mzee aliuliza.

"Ndiyo, nakufukuza."

"Kwa sababu ya chapati?"

"Kwa sababu ya mguu. Chapati siwezi kuacha, ndizo zinalisha nyumba hii, na wewe huwezi kukaa nazo nyumba moja. Nenda." Hapo nikageuka, nikajifanya natafuta mkoba wake. Nikamkunjia shati, nikaweka vidonge, nikaweka kile kipimo juu kabisa.

Mwenzangu alikuja na bajaji, kitenge amekifunga haraka haraka. Alinisalimia, akanitazama usoni, akajua kuna kitu. Mzee alikuwa ameshapanda. Tukabaki wawili mlangoni.

"Kwani alikuwa anakula nini, dada?"

"Chapati. Anaziiba alfajiri, nikiwa nje."

Nilidhani atacheka, au ataniambia si nilikwambia. Alikuwa anavuta uzi wa kitenge chake. Kisha akasema, polepole, "Kwangu hajawahi kuiba hata karanga."

Nilimtazama vizuri, labda kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Nilikijua kilichokuwa machoni mwake, nilikuwa nacho mimi miezi yote ile. Ningeweza kumwambia neno la kumtuliza, kwamba kwake ndiko anakopona. Neno lilikuwepo mdomoni. Nikalimeza. Lile la kula kama mume pia sikumwambia, na sitamwambia. Nikamwambia tu amfunge bandeji mara mbili kwa siku, na asimruhusu kutembea peku.

Kidonda kilifunga. Kilichukua muda mrefu, lakini kilifunga, na dole lake analo. Amerudi kwenye zamu, siku zake kwangu, siku zake kwa yule. Jiko la chapati nimelihamishia kwa jirani, unga hauingii kwangu hata wa kudondoka. Asubuhi namwachia ile chapati ya kabichi na mayai kwenye sahani iliyofunikwa, na mkate wa karanga nimeujua, wangu una iliki, wake hauna. Anakula vizuri. Anashukuru. Ananiambia leo umepika, kwa sauti ile ile anayomwambia yule, nina hakika.

Nami nikirudi kutoka jikoni kwa jirani, kabla hata sijamsalimia, macho yangu yanaenda kwenye midomo yake. Mikavu, safi. Nasema alhamdulillahi, halafu naingia jikoni kuosha vyombo nikiwa na hasira, sijui ya nani.